Hoteli Yenye Milango Miwili

Kikohozi kilisikika kabla ya mtu. Kilitokea nyuma ya migomba, pale njia ya kuja kwetu inapokata kona, na mvua nyembamba ya Tukuyu ilikuwa imefunika kila kitu hata geti halikuonekana. Kilikuwa kikavu na kifupi, kisha ukafuata ukimya wa mtu anayengoja. Nilikuwa nimejilaza kwenye kochi na simu mkononi, nikitazama picha za hoteli za Dar es Salaam. Niliruka. Kiatu kimoja kilibaki chini ya meza, kitenge nikakivuta kutoka kwenye kiti, na nilipofika jikoni na kurudishia mlango, moyo ulikuwa unadunda kama nimetoka mchakamchaka. Nikacheka peke yangu, nimeziba mdomo kwa kitenge. Baba mkwe amefika.

Kwetu Wanyakyusa mke wa mtu hakutani na baba wa mume wake. Hamtazami, hakai naye chumba kimoja, hali naye, hatamki jina lake. Wakikaribiana njiani, mwanamke anaacha njia, anaingia kwenye migomba au kwenye mashamba ya chai, anainama mpaka mzee apite. Mzee naye, kwa upande wake, anakohoa. Anakohoa akifika kwenye kona, anakohoa akitoka uani, ili mkwe wake apate nafasi ya kuondoka bila kukimbizwa. Siku hizi wengi wameacha. Kuna vijana Mbeya mjini wanapiga picha na baba wakwe zao, wamekumbatiana, wanazirusha kwenye makundi ya familia. Mimi nimekulia Lufingo, nikimwona mama yangu akiacha njia kila babu alipopita, na nilipoolewa hakuna aliyenilazimisha. Nilipenda. Yupo mtu ambaye sijawahi kuuona uso wake, na mtu huyo anajua napenda parachichi la aina gani, anajua nikiumwa, anajua napika chai nzito. Mimi nami najua nyayo zake, kofia yake inayobaki kwenye kiti, na namna anavyovuta pumzi kabla ya kusema jambo zito. Tunaishi kama watu wawili wanaosoma kitabu kimoja katika vyumba tofauti.

Sasa, siku hiyo ya mvua, nilikimbilia jikoni na kitenge na kiatu kimoja. Simu niliiacha kwenye kochi, inawaka.

"Hii nyumba ya nani?" Nilimsikia akiuliza, baada ya salamu na habari za ng'ombe.

"Hiyo ni hoteli, baba," mume wangu alijibu. "Iko Dar. Yule wa ndani anatafuta mahali pa kufikia. Likizo hii tunataka kwenda kutembea."

"Dar si yupo kaka yako?"

"Kwa kaka tutaishia kuosha vyombo na kubembeleza watoto. Anataka hoteli. Anataka kitanda atandikiwe na mtu mwingine."

Nilitamani kupita ukutani nikamfinye. Baba mkwe hakucheka. Nilisikia akivuta pumzi.

"Golofa ngapi?"

"Sijui. Kumi hivi."

"Hesabu."

Wakahesabu. Baba na mwana, vichwa vimeinamia kioo cha simu, nadhani, maana sauti zao zilikuwa zinatoka mahali pamoja. Walipotea katikati wakaanza upya. Mvua ilikuwa inapiga bati, nami nilikuwa nimebandika sikio mlangoni, maharage yanachemka nyuma yangu bila kusimamiwa.

Lazima niseme kwamba baba mkwe ni fundi mwashi. Ukienda Ikuti, kanisa, zahanati, nusu ya nyumba za matofali ya kuchoma unazoziona kwenye vilima vile zimepita kwenye mwiko wake na timazi yake. Zote ni nyumba za chini, zimekaa juu ya udongo kama kuku aliyelalia mayai.

"Na watu wanalala mpaka ile ya juu kabisa?" aliuliza.

"Wanalala, baba."

"Mimi nimejenga tangu sijaota ndevu. Sijawahi kulala juu ya kichwa cha mtu." Hapo akacheka kidogo. Kisha akasema taratibu, kama mtu anayejisemea: "Ningelala huko juu hata mara moja, nikaamka, nikatazama chini. Ningejua hii kazi yangu inaishia wapi."

Mume wangu ni mtu wa moyo mwepesi. Kitu kikimgusa, mdomo unatangulia. "Basi twende wote!" alisema. "Wewe na mama. Twende wote wanne!"

Mfuniko wa sufuria ukaniponyoka. Ulizunguka sakafuni kwa muda ulioonekana kuwa mrefu sana, ukalala.

"Na huyo aliyeangusha mfuniko?" baba mkwe aliuliza.

"Naye yumo."

"Hiyo nyumba ina milango mingapi?"

"Baba, hoteli ni hoteli. Kuna mlango wa mbele, watu wanaingia."

"Kama ni mlango mmoja, mimi nabaki Ikuti na ng'ombe wangu. Siwezi kwenda kumfanya mtoto wa watu ajifiche chooni kwenye likizo yake mwenyewe." Akaweka simu chini. "Akipata nyumba ndefu yenye milango miwili, mniambie. Asipopata, nendeni salama."

Alipoondoka nilitoka jikoni mbio, nikamkuta mume wangu ameshika kichwa.

"Nimeharibu likizo," alisema.

"Hujaharibu. Nitaipata hiyo hoteli."

"Utaipata wapi?"

Sikujua. Lakini nilikuwa nimeshawaka. Tangu nimeolewa sikuwahi kumpa mzee yule kitu kwa mkono wangu. Chakula changu kinapelekwa na mwingine, salamu zangu zinabebwa na mwingine. Hii ingekuwa zawadi inayotoka kwangu moja kwa moja mpaka kwake: kitanda juu ya mji, na njia ya kukifikia ambayo mimi sipo.

*

Hakuna hoteli inayoandika habari za milango. Wanaandika viyoyozi, intaneti ya bure, bwawa, maegesho, mto wa manyoya. Nilisoma maoni ya wageni mpaka macho yakaniuma. Mmoja alisifu mchemsho. Mwingine alilalamikia mbu. Hakuna hata mmoja aliyeandika: tulikaa siku zote hizo na sikukutana na baba mkwe.

Ya kwanza niliyoipenda ilikuwa nyeupe na ndefu, ile ile waliyoihesabu. Nikapiga simu nikauliza kama kuna ngazi.

"Ngazi za dharura zipo, dada, ila zimefungwa," kijana wa mapokezi alisema kwa sauti ya kujivunia. "Sisi wageni wote wanatumia lifti."

Nimewahi kupanda lifti Mbeya, kwenye jengo la benki. Nilikaa pale na simu sikioni nikaiona ile lifti ikifunguka, mimi nimesimama nje na taulo langu, yeye yumo ndani na kofia yake. Nitainama wapi? Yeye atakohoa saa ngapi? Lifti ni chumba kisicho na migomba. Nikamshukuru kijana nikakata.

Ya pili ilikuwa karibu na soko la Kariakoo. Aliyepokea alikuwa mwanaume mtu mzima, anatafuna kitu.

"Samahani kaka, mna milango mingapi?"

"Ya vyumba?"

"Ya kutokea nje."

Kutafuna kukakoma. "Wewe ni askari?"

"Hapana."

"Unamfuatilia mumeo?"

"Mume wangu nakuja naye."

"Sasa dada yangu, kama mume unaye, unamkimbia nani?"

"Baba mkwe."

Alicheka mpaka akapaliwa. Nilimsikia akimwambia mtu wa pembeni, "Kuna mwanamke hapa anamkimbia baba mkwe," na huyo wa pembeni naye akaangua. "Kakufanya nini huyo mzee?"

"Hajanifanya kitu. Ananiheshimu."

Hapo simu ilikatika. Mpaka leo sijui kama ni yeye aliyekata au ni mtandao wa Tukuyu, ambao mawingu yakishuka nao unashuka.

Kwa siku kadhaa niliongea na hoteli kuliko nilivyoongea na ndugu. Nilijifunza kuuliza kwa ujanja. Kumbe mji umejaa majengo marefu yenye mdomo mmoja. Unapanda mpaka mawinguni, lakini wote mnaingilia pale pale, mnakula ukumbi ule ule, mnashukia korido ile ile. Mume wangu akawa ananitania kila akirudi kutoka shuleni anakofundisha: "Mhandisi, jengo limepatikana?" Nami namrushia mto. Usiku naota korido.

Aliyenifungua macho ni rafiki yangu anayeuza vitenge sokoni. Ni Mwislamu, amezaliwa hapa hapa Tukuyu, na kila mzigo ukimwishia anapanda basi kwenda Kariakoo kuchukua mwingine. Nilimkuta anapanga vitambaa vipya, bado vinanuka rangi.

"Shoga, nyie Wanyakyusa mna kazi," alisema nilipomaliza kumweleza. "Mimi na baba mkwe wangu tunafuturu sinia moja. Ananipokonya hadi sambusa."

"Wa kwangu hawezi kunipokonya. Hajawahi kukaa meza moja na mimi."

"Sasa si umwache mzee wa watu alishe ng'ombe? Wewe na mumeo nendeni mkale raha, mkae kwenye lifti yenu mpaka mchoke."

"Siwezi."

"Kwa nini huwezi?"

Nikamsimulia walivyohesabu ghorofa kwenye simu. Walivyopotea katikati wakaanza upya. Nikamwambia alivyosema anataka kujua kazi yake inaishia wapi. Rafiki yangu aliacha kukunja. Alishika kile kitenge kifuani, cha maua ya njano, akanitazama.

"Ungesema hivyo tangu mwanzo," alisema. "Kuna mahali nafikia mimi. Mwenyewe alijenga jengo la kwanza zamani, limetazama mtaa wa vitenge. Wanawe walipopata hela wakajenga refu kwa nyuma, limetazama mtaa wa vyombo. Jiko liko katikati, linalisha huku na huku. Ukiingilia vitenge, aliyeingilia vyombo hamtaonana mpaka kiyama."

"Refu kiasi gani?"

"Mimi nalala kwenye lile la zamani, bei ya wafanyabiashara. Lakini lile la nyuma ukilitazama, kilemba kinadondoka."

Nilimkumbatia mbele ya wateja. Akanisukuma. "Toka, unanikunjia mali."

Dada wa mapokezi wa hoteli ile, Mungu ambariki, hakucheka. Au alicheka akiwa amefunika simu, lakini aliniachia heshima yangu. Wazee tukawaweka jengo jipya, ghorofa ya nane, mlango wa mtaa wa vyombo. Chai watapelekewa ukumbi wa huko huko.

"Na ninyi nawaweka jengo la zamani," alisema. "Halina lifti, dada, ni ngazi tu. Lina ghorofa tano. Niwape juu? Juu kuna hewa."

"Hapana. Tuwekee ya kwanza."

"Ya kwanza kuna kelele za mtaani, na dirisha linatazama ukuta."

"Tuwekee ya kwanza."

Sikumweleza. Niliona aibu, hata kwenye simu, kusema kwamba nisingeweza kupata usingizi nimepanda juu huko, karibu kulingana na mzee. Mtu unayeinama akipita, huwezi tena kwenda kutandaza mgongo wako hewani jirani na wake. Kwangu mimi hilo lilikuwa wazi kama mchana.

Mama mkwe alishuka kutoka Ikuti kuja kukagua mpango, na mkungu wa ndizi kama tiketi yake. Tulikaa jikoni tunamenya, yeye anauliza, mimi najibu. Chakula? Mbali mbali. Ngazi? Mbali mbali. Basi? Wao watangulie, sisi tufuate kesho yake. Akaniuliza, "Na madirisha?"

Kisu kikasimama. Madirisha sikuwa nimeyawaza.

Nikapiga simu tena pale pale, dada wa mapokezi akacheka waziwazi safari hii, akasema chumba cha wazee kinatazama upande wa pili kabisa, mji wote uko mbele yao na sisi tuko mgongoni. Mama mkwe akaitikia kwa kichwa, ameridhika.

"Mimi baba mkwe wangu nilimwona siku ya msiba wake," alisema, macho kwenye ndizi. "Walimfunua, tukapita kuaga. Nikasema moyoni, kumbe mume wangu haya masikio kayatoa kwa huyu." Akaangalia pembeni, kisha akanicheka. "Menya, mwanangu. Unanitazama nini?"

*

Usiku wa kuamkia safari wazee walilala kwa shangazi yake mume wangu, mtaa wa pili, na alfajiri wakaja kwetu kunywa chai kabla ya basi. Mimi nilikuwa nimeamka mapema, nimechemsha maziwa, nimekaanga maandazi, nimepanga vikombe. Waliposikika getini, niliingia chumbani nikarudishia mlango. Nikaketi ukingoni mwa kitanda, mikono katikati ya magoti. Niliwasikia wakivuta viti. Nilisikia viatu vyake. Havikuwa vile vya kazini. Hivi vilikuwa vipya, vinalia. Mzee alikuwa amenunua viatu vya kwendea ghorofani.

"Mimi nimewekwa ya ngapi?" aliuliza, mdomo una andazi.

"Ya nane, baba. Nane nzima."

"Nane." Alikaa nayo kidogo. "Na ninyi?"

"Sisi tuko jengo lile la zamani. Ya kwanza."

Kikombe kikatua kwenye meza.

"Halina golofa nyingine?"

"Zipo tano. Ya kwanza kachagua mwenyewe."

"Dirisha linatazama nini?"

Mume wangu hajui kudanganya. "Ukuta."

"Basi mimi siendi."

"Baba! Basi linaondoka sasa hivi!"

"Liondoke."

Nilisimama. Nilikaa. Nilisimama tena. Sebuleni mume wangu alikuwa anazunguka, nasikia kandambili zake zikienda na kurudi, na mama mkwe anasema kwa Kinyakyusa maneno ya kumtuliza mtu mmoja kati yao, sijui yupi. Kisha baba mkwe akapaza sauti. Alikuwa anamwambia mke wake, lakini ukubwa wa sauti ulikuwa wa kufika chumbani.

"Mama, muulize aliye ndani. Kwa nini amejitia chini?"

Mama mkwe akaja mpaka mlangoni kwangu. Kati yangu na meza yao palikuwa na ubao mwembamba, kila neno nimelisikia, lakini alilirudia lote kwa uaminifu: "Anauliza, kwa nini umejitia chini?"

"Mwambie," nilinong'ona, "nisingeweza kulala juu karibu sawa na yeye."

"Anasema asingeweza kulala juu karibu sawa na wewe."

"Sawa na mimi!" Viatu vipya vikalia. "Mwambie hivi. Mimi nampisha njia, naye ananipisha njia, na hilo limetutosha. Golofa si njia. Mimi naenda juu kutazama. Yeye akae chini atazame nini, matairi ya gari? Yeye ndiye ameitafuta hiyo nyumba. Asipopanda, sipandi."

"Anasema—"

"Nimesikia, mama," nilisema, machozi na kicheko vimenijia pamoja. "Mwambie angoje kidogo."

Simu ilikuwa chini ya mto. Huko Dar ililia, ikalia, na mimi naomba Mungu mapokezi wasiwe wamelala. Nje honi ya basi ilisikika mara moja kutoka stendi, mbali.

"Haloo? Aaa, dada wa milango!"

"Samahani kwa kukuamsha. Kule juu kabisa, jengo letu, bado pana nafasi?"

"Ghorofa ya tano? Kipo kimoja, cha pembeni. Lakini si ulisema hutaki juu?"

"Nataka."

"Utapanda ngazi mpaka magoti yagongane, dada. Sikudanganyi."

"Nitapanda. Kinatazama nini?"

"Kinatazama mtaa, mapaa, mpaka huko mbele bandarini. Jua likichomoza linaingia kitandani."

Nikamshukuru mara nyingi, nadhani, mpaka akaniambia basi, niende nikalale. Nikasogea kwenye ubao wa mlango, nikagusa kwa vidole.

"Mama, mwambie ya tano. Na dirisha linatazama mji."

"Ya tano," mama mkwe alitangaza, kama anasoma matokeo. "Linatazama mji."

"Tano," alisema baba mkwe. Alilitua neno lile polepole, akalikandamiza, kama fundi anayeweka tofali na kulisikiliza. "Sawa. Haya, basi litatuacha! Nani anangoja nini?"

Kila kitu kikatokea kwa wakati mmoja. Mume wangu alinyanyua mabegi, kitu kikaanguka, mama mkwe akacheka, mtu akarudi kuchukua maandazi yaliyobaki na kuyafunga kwenye gazeti. Kandambili zikatoka. Ndala za mama mkwe zikatoka. Viatu vipya vikabaki sebuleni, peke yake, vimesimama. Nilizuia pumzi.

"Ndaga," alisema. Hapakuwa na mtu mwingine wa kumpokelea asante ile.

Kisha akatoka, akaurudishia mlango nyuma yake taratibu, mpaka kitasa kikashika.